Bahasha Iliyofungwa: Jinsi Washindi wa Tuzo za Filamu Wanavyobashiriwa

Mkulima wa Zirai, katika milima ya Usambara, aliyeanika iliki yake uani, hangoji mvua imwambie kwamba imekwisha fika. Hutazama mawingu yanayopanda kutoka upande wa bahari, hupima upepo, hukumbuka siku kama hiyo ilivyokwisha mwaka uliopita, kisha huamua kama aiache iliki juani au aiingize ndani. Mawingu hayampi hakika, humpa dalili. Akiingiza iliki mara kumi na mvua ikanyesha mara saba, majirani hawatasema kwamba alidanganyika mara tatu. Watasema kwamba mtu huyu anajua kusoma mawingu.

Kazi ya kubashiri washindi wa tuzo za filamu haitofautiani sana na hiyo. Kila mwaka Akademi ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani hutoa tuzo zijulikanazo kama Oscar, na kila mwaka magazeti, wanatakwimu na wachezesha kamari hutangaza mapema majina ya watakaoshinda. Baadhi yao hupatia mara nyingi kiasi cha kuwafanya watu waamini kwamba kuna siri iliyovuja. Makala haya yanakusudia kueleza ubashiri huo hufanywaje, na kwa nini mara nyingine hushindwa. Mfano mkuu utakuwa tuzo iliyofuatiliwa kwa hamu kubwa hapa Afrika ya Mashariki, nayo ni ile aliyoipata Mkenya Lupita Nyong'o tarehe 2 Machi, 2014, kwa uigizaji wake katika filamu ya "12 Years a Slave".

Asili ya bahasha

Yafaa ifahamike kwanza kwamba ubashiri huu haukuwa na maana hapo mwanzo. Tuzo za kwanza zilitolewa tarehe 16 Mei, 1929, katika karamu iliyofanyika hotelini huko Hollywood, na majina ya washindi yalikuwa yamekwisha tangazwa miezi mitatu kabla. Aliyekwenda karamuni alikwenda kula na kupiga makofi. Katika miaka iliyofuata magazeti yalipewa orodha mapema, kwa sharti kwamba yasiichapishe kabla ya saa tano za usiku. Mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times lilitoa majina hayo katika toleo lake la jioni, hata wageni waliokuwa bado njiani wakaweza kusoma kama wameshinda au wameshindwa. Kuanzia mwaka 1941 ikaamuliwa kwamba majina yatiwe katika bahasha zilizofungwa, na yasijulikane na mtu ila wale wanaohesabu kura. Kazi ya kuhesabu ilikuwa tangu 1935 mikononi mwa kampuni ya wahasibu ya Price Waterhouse, ambayo leo huitwa PwC.

Ni nini hasa kinachobashiriwa?

Kosa la kawaida la mtazamaji ni kujiuliza: "Ni nani aliyeigiza vizuri kuliko wote?" Swali hilo ni la mhakiki. Mbashiri hujiuliza jambo jingine kabisa, yaani: "Kundi hili la watu litafanya nini?" Mtu anaweza kuwa na ladha mbovu kabisa ya filamu na bado akawa mbashiri hodari, mradi anawajua wapiga kura.

Mwaka 2014 wapiga kura hao walikuwa wapata elfu sita. Wamegawanyika katika matawi kufuata kazi zao: waongozaji, wapiga picha, wahariri, watunzi wa muziki na kadhalika, na tawi lililo kubwa kuliko yote ni la waigizaji. Katika hatua ya kwanza waigizaji ndio wanaowateua waigizaji wenzao watano. Katika hatua ya pili wanachama wote huwapigia kura watano hao, na anayepata kura nyingi kuliko kila mmoja wa wengine ndiye mshindi. Haihitajiwi nusu ya kura. Kwa watano, hata kura 21 katika kila 100 zaweza kutosha, ikiwa nyingine zimetawanyika. Jambo hili peke yake lingetosha kumtia mbashiri hofu.

Kinachomsaidia ni kwamba kabla ya kura hiyo hufanyika kura nyingine. Waandishi wa habari wa nchi za kigeni waliokuwa wakiishi Hollywood, ambao wakati huo walikuwa wapatao tisini, walitoa tuzo za Golden Globe. Chama cha Waigizaji, kijulikanacho kwa kifupi kama SAG, hutoa tuzo zake tangu 1995. Waingereza wana tuzo za BAFTA, ambazo tangu 2001 hutolewa kabla ya Oscar. Hizi ndizo mawingu ya mbashiri.

Mara nyingine mawingu huwa mazito hata mtoto hahitaji kuambiwa. Mwaka 2007 Forest Whitaker, aliyeigiza kama Idi Amin katika filamu ya "The Last King of Scotland" iliyopigwa nchini Uganda, alikuwa amekwisha pata Golden Globe, SAG na BAFTA. Akapata na Oscar. Ubashiri wa namna hiyo haumpi mtu sifa.

Dalili zinapogombana

Mwaka 2014 haukuwa hivyo. Waliogombea tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike walikuwa watano: Sally Hawkins, Jennifer Lawrence, Julia Roberts, June Squibb na Lupita Nyong'o. Tarehe 12 Januari Golden Globe ilikwenda kwa Lawrence, kwa filamu ya "American Hustle". Tarehe 16 Januari wahakiki walimpa Lupita tuzo ya Critics' Choice, na tarehe 18 Januari SAG nayo ikampa yeye. Kisha tarehe 16 Februari, wakati kura za Oscar zilikuwa zimekwisha anza kupigwa, BAFTA ikamrudia Lawrence, ingawa Lupita naye alikuwa miongoni mwa wateule.

Mwanatakwimu aliyetaka kuamua kati ya wawili hawa alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni kufungua daftari la miaka iliyopita. Tangu 1995 hadi 2013 ni miaka 19. Katika tuzo hii ya mwigizaji msaidizi wa kike, chaguo la SAG lilipatana na la Oscar mara 12 (ukihesabiwa mwaka 1998, ambapo SAG iliwapa tuzo wawili kwa kura sawa na mmoja wao, Kim Basinger, akashinda Oscar). Golden Globe nayo, katika miaka hiyo hiyo 19, ilipatana na Oscar mara ngapi? Mara 12. Dalili mbili, kila moja na nguvu ya asilimia 63, moja ikimwelekea Mkenya na nyingine Mmarekani.

Lakini hesabu hiyo, ijapokuwa sahihi, haijibu swali lililoulizwa. Swali halikuwa: "SAG hupatia mara ngapi?" bali: "SAG hupatia mara ngapi inapokuwa imepingana na Golden Globe?" Tofauti ya maswali haya mawili ndiyo kiini cha elimu ya uwezekano, na hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma, hujikwaa. Katika miaka ile 19, tuzo hizo mbili zilikubaliana mara 12, na katika mara hizo Oscar ilizifuata mara 10. Zilipingana mara saba. Katika hizo saba, Oscar iliifuata SAG mara mbili (2003 na 2005), ikaifuata Golden Globe mara mbili (1996 na 2002), na mara tatu (1999, 2001 na 2008) ikaziacha zote mbili na kumpa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo dalili iliyoonekana kuwa na nguvu ya asilimia 63 ilikuwa, katika hali halisi ya mwaka 2014, na nguvu isiyozidi mbili katika saba. Aliyesoma daftari vizuri alipaswa kuwaogopa hata akina Roberts na Squibb.

Mambo yaliharibika zaidi kwa upande wa Lupita ilipoingizwa BAFTA, kwa kuwa tangu 2001 hadi 2013 ilikuwa imepatia mara 10 katika 13, na mwaka 2008 na 2009 iliwaona washindi, Tilda Swinton na Penélope Cruz, ambao tuzo nyingine mbili hazikuwaona. (Mwaka 2009, kwa haki, SAG na Golden Globe zilimpa Kate Winslet kama mwigizaji msaidizi, lakini Akademi ikamhesabu kuwa mwigizaji mkuu, na huko akashinda. Dalili haikukosea mtu, ilikosea kiti.) Mwanatakwimu mkaidi, asiyetazama ila jedwali, angemchagua Lawrence.

Walakini wabashiri wengi walimweka Lupita mbele, ijapokuwa si kwa mbali. Je, walikuwa na mapenzi tu? La. Walikuwa na mambo ambayo jedwali haliyaonyeshi.

La kwanza ni kwamba Lawrence alikuwa ameshinda Oscar ya mwigizaji mkuu mwaka mmoja tu kabla, 2013. Katika historia yote ya tuzo hizo ni waigizaji watano tu waliokuwa wameshinda miaka miwili mfululizo: Luise Rainer, Spencer Tracy, Katharine Hepburn, Jason Robards na Tom Hanks. Hoja hii hupendwa sana na waandishi wa magazeti, lakini yataka tahadhari. Uhaba wa jambo si ushahidi kwamba wapiga kura hulikataa. Huenda ni kwa sababu wachache tu hupata nafasi ya kulijaribu.

La pili lina uzito zaidi. Usiku ule ule wa tarehe 18 Januari, SAG ilitoa pia tuzo kwa kundi zima la waigizaji wa filamu, na tuzo hiyo ikaenda kwa "American Hustle", filamu ya Lawrence. Basi waigizaji hao hawakuichukia filamu yake. Waliipenda kuliko nyingine zote. Hata hivyo, walipofika kwenye jina la mtu mmoja mmoja, walimwacha Lawrence na kumchagua Lupita. Na waigizaji ndilo tawi kubwa katika Akademi, ambapo wale waandishi tisini wa Golden Globe hawakuwa na kura hata moja. Dalili itokayo kwa ndugu wa wapiga kura haiwezi kupimwa kwa mizani moja na dalili itokayo kwa wapita njia.

Hapa kuna jambo jingine lifaalo kuangaliwa. Dalili nyingi si lazima ziwe ushahidi mwingi. Mtu akiwauliza majirani watano kama mvua itanyesha, na wote watano walisikiliza redio ile ile asubuhi, hajapata maoni matano. Amesikia redio mara tano. Wahakiki, wanachama wa vyama na wapiga kura wa Akademi husoma magazeti yale yale na huhudhuria karamu zile zile. Kila tuzo inayotolewa huwaathiri wanaofuata. Mbashiri anayezijumlisha tuzo hizo kana kwamba kila moja imesimama peke yake hupata imani kubwa kuliko anayostahili. Hilo ndilo kosa la programu nyingi za kompyuta zilizotungwa kwa kazi hii. Hesabu yake huwa nzuri, na msingi wake mwembamba.

Dalili ambayo haiwezi kutimia

Filamu ya "Out of Africa", iliyopigwa Kenya na kuongozwa na Sydney Pollack, ilipata Oscar saba mwaka 1986. Mwaka huo Chama cha Waongozaji kilimpa tuzo yake Steven Spielberg, aliyeongoza "The Color Purple". Dalili ya chama hicho ilikuwa mashuhuri kwa uaminifu wake, maana tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 ilikuwa imekosea mara mbili tu. Mwaka huo ikakosea mara ya tatu, na Pollack akashinda. Lakini kosa hilo halikuhitaji mtaalamu wa kulitabiri. Spielberg hakuwa hata katika orodha ya wateule watano wa Akademi! Hapana dalili, hata ingekuwa na sifa ya miaka arobaini, iwezayo kumpa ushindi mtu asiye katika karatasi ya kura.

Filamu bora na hesabu yake ya pekee

Tuzo ya filamu bora huhesabiwa kwa njia tofauti, na asiyeifahamu njia hiyo hubashiri gizani. Tangu sherehe ya 2010, kila mpiga kura huzipanga filamu kwa utaratibu wa apendavyo: ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Ikiwa hakuna filamu iliyopata zaidi ya nusu ya nafasi za kwanza, ile iliyo ya mwisho huondolewa, na karatasi zake hupelekwa kwa filamu iliyoandikwa ya pili katika kila karatasi. Hufanywa hivyo tena na tena mpaka moja ivuke nusu.

Chukua, mathalani, wapiga kura 100. Filamu ya kwanza ina 40, ya pili 35, ya tatu 25. Ya tatu inaondolewa. Ikiwa katika wafuasi wake 25, ishirini waliiandika filamu ya pili kuwa chaguo lao lifuatalo, na watano waliiandika ya kwanza, basi ya pili inafika 55 na kushinda, ingawa iliyoongoza mwanzoni ilikuwa nyingine. Njia hii huinyima ushindi filamu yenye wapenzi wakali na maadui wengi, na kuipa ile ambayo watu wengi hawana ugomvi nayo.

Katika mwaka wa Lupita, "Gravity" ilipata tuzo saba, pamoja na ya mwongozaji bora, lakini ya filamu bora ikaenda kwa "12 Years a Slave" iliyokuwa na tatu kwa jumla. Chama cha Watayarishaji, ambacho hutumia njia hiyo hiyo ya kuhesabu, kilikuwa kimetoa sare kati ya filamu hizo mbili, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea katika tuzo zake. "American Hustle", yenye uteuzi kumi, haikupata hata moja.

Fedha za kamari

Kuna wanaodhani kwamba ubashiri bora ni ule wa kampuni za kamari, kwa kuwa hao huweka fedha. Kwa kuwa kubeti kumeenea sana miongoni mwa vijana wa nchi zetu, hata kama wengi wao hubeti juu ya mpira na si juu ya filamu, hesabu yake yafaa ifafanuliwe. Tuseme kampuni inaahidi kwamba atakayeweka shilingi 1,000 atalipwa 1,500 akishinda anayeongoza, 2,500 akishinda wa pili, na 20,000 akishinda yeyote kati ya watatu waliobaki. Shilingi 1,000 ukizigawa kwa 1,500 unapata karibu asilimia 67. Kwa 2,500, asilimia 40. Kwa 20,000, asilimia 5, nazo ni mara tatu, yaani 15. Jumla ni 122. Lakini uwezekano wa mambo yote hauwezi kuzidi 100. Zile 22 zilizozidi si ubashiri wa jambo lolote. Ni faida ya kampuni, iliyokwisha tengwa kabla hata kura haijapigwa, na anayebeti huilipa awe amepatia au amekosea.

Pasipo na mawingu

Si kila tuzo ina dalili. "Watu Wote", filamu fupi ya Katja Benrath iliyopigwa Kenya, juu ya abiria Waislamu waliowakinga Wakristo basi lao liliposhambuliwa karibu na Mandera mwaka 2015, iliteuliwa kugombea Oscar ya mwaka 2018. Ilikuwa imepata tuzo ya wanafunzi ya Akademi hiyo hiyo mwaka 2017. Lakini filamu fupi hazina SAG wala Golden Globe, na mbashiri hubaki na vipande vidogo vidogo vya habari. Iliyoshinda ilikuwa "The Silent Child" ya Uingereza.

Tanzania nayo imepeleka filamu mara chache sana katika tuzo ya filamu za kimataifa: "Maangamizi" mwaka 2001, na "Vuta N'Kuvute" ya Amil Shivji, itokanayo na riwaya ya Shafi Adam Shafi, mwaka 2022. Huko kuna milango mitatu. Kati ya nchi zipatazo tisini huchaguliwa filamu 15, kati ya hizo tano, na kati ya tano moja. Zote mbili zilikomea kabla ya mlango wa tano. Mbashiri mwaminifu anayeulizwa juu ya filamu ya namna hiyo mwanzoni mwa safari hana la kusema zaidi ya moja katika tisini, isipokuwa ajue ni wangapi miongoni mwa wapiga kura watakaoitazama. Hilo la kutazama si dogo: mwaka 2025 Akademi ilitunga kanuni kwamba mwanachama hataruhusiwa kupiga kura ya mwisho katika aina yoyote ya tuzo kabla hajatazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Kanuni hiyo, ikifuatwa kweli, yaweza kuyageuza madaftari ya miaka thelathini kuwa karatasi za kufungia karanga.

Kumpima mbashiri

Je, aliyempa Lawrence asilimia 45 na Lupita 50 alipatia au alikosea? Tukio moja haliwezi kujibu. Hapana budi yakusanywe mabashiri yake yote aliyoyatolea asilimia 50, kwa miaka mingi, na ihesabiwe kama nusu yake yalitimia. Ikiwa yalitimia yote, naye ni mbashiri mbaya, kwa maana alikuwa akijua zaidi ya alivyosema. Utabiri wa mvua hupimwa vivyo hivyo. SAG yenyewe, baada ya kupatia kwa Lupita, ilipatia mara 10 katika miaka 11 iliyofuata hadi 2025. Iliyokosekana ni ya 2019, ambapo mshindi, Regina King, hakuwa katika orodha ya SAG kabisa. Haijulikani kama dalili hiyo imekuwa na nguvu zaidi au ni bahati ya miaka michache, na miaka 11 haitoshi kuamua.

Kipo kikwazo kimoja ambacho takwimu haziwezi kukivuka. Akademi haitangazi kamwe idadi ya kura. Jina la mshindi hutoka, hesabu haitoki. Kwa hiyo hata leo hakuna awezaye kusema kama Lupita alimshinda Lawrence kwa kura elfu moja au kwa kura tano.

Na hapo ndipo mbashiri wa tuzo anapoachana na mkulima wa Zirai. Mvua ya kesho haijawa mvua. Hata mawingu yenyewe hayana habari nayo. Lakini kura za mwaka 2014 zilifungwa tarehe 25 Februari, zikahesabiwa, na wahasibu wawili wakalijua jina. Kwao wawili uwezekano wa Lupita kushinda ulikuwa umekwisha kuwa mia kwa mia, wakati magazeti ya Nairobi na ya Los Angeles yalikuwa bado yakibishana juu ya hamsini na arobaini na tano, na bahasha imo ndani ya mkoba, imefungwa, ikingoja usiku wa tarehe 2 Machi.